Treni Mnaingoja, Muundi Hamuungoji

Watu wa Niemba ni mabingwa wa kungoja. Ikisemwa kwamba treni itapita kesho, mtu anakuja stesheni na mkeka, kuku wawili waliofungwa miguu, gunia la mahindi na sufuria, anatandika chini ya mwembe. Kesho inageuka keshokutwa, keshokutwa inageuka Mungu akipenda, na mtu yule hanung'uniki. Anapika palepale, anasalimiana na wapitao, anapata rafiki, wengine wamepata hata mchumba. Sasa mtu huyohuyo mkaribishe kwako Jumapili, mwambie nyama bado saa moja. Anaanza kutikisa goti. Anachungulia jikoni. Mwisho anauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Shemeji, hii nyama inapikwa au inazikwa?"

Inapikwa, shemeji. Kaa chini.

Mimi ni mtu wa muundi wa kondoo na sina aibu kusema. Paja nawaachia wenye harusi, mbavu nawaachia wenye meno mapya, maini nawaachia wazee ambao huyapewa hata wasipoyaomba. Mimi nipeni kile kipande kilicho chini ya paja au chini ya bega: mfupa mmoja katikati, nyama imeuzunguka, na kano zimejifunga pale chini kwenye kifundo. Hiyo ni nyama iliyofanya kazi. Kondoo wetu hawaletewi majani zizini. Wanayafuata wenyewe tangu asubuhi kandokando ya reli na kwenye mashamba yaliyolala, na kila hatua muundi ndio uliowabeba. Kwa hiyo ni nyama ngumu, ni nyama tamu, na ni nyama ya kuchukua muda. Mambo haya matatu yanakwenda pamoja. Wageni wangu wanalitaka la katikati peke yake.

Taabu inaanza sokoni. Huku kwetu ukisema nyama, watu wanaelewa mbuzi. Toka Lubumbashi mpaka ziwani, taja michopo uone watu wanavyomeza mate, na michopo ni mbuzi wa kuchoma. Kondoo hana bahati hiyo. Kila ukimtaja, lazima usimame umtetee. "Inanuka," wanasema. Mtu wa Rwanda akiniambia hali kondoo, namwelewa, maana desturi ya zamani ya kwao iliwakataza wengi kumla. Lakini jirani yangu! Mtu anayeweka ndakala kavu chini ya kitanda, mtaa mzima tunajua zimefika siku gani na zimekwisha siku gani, huyo naye anakunja pua kwa kondoo. Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba harufu ya kondoo inakaa kwenye mafuta, si kwenye nyama. Punguza mafuta ya juu, na harufu imekwenda nayo. Ndakala je, utapunguza nini?

Kwa sababu wateja wa kondoo ni wachache, muuza nyama ametafuta njia yake. Siku akichinja kondoo na mbuzi pamoja, anavitandaza vipande juu ya meza moja, kisha anamuuzia kila mtu mnyama aliyekuja kumtafuta. Ukiuliza mbuzi, ni mbuzi. Ukiuliza kondoo, kipande kilekile kinabadilika kabila. Mnyama akiwa mzima hapana ubishi: mbuzi mkia wake umesimama, kondoo mkia wake umeanguka. Akishachunwa ndipo maneno yanaanza.

"Papa, hii iko kondoo ya leo asubuhi!"

"Mkia wake uko wapi?"

"Mukia walishakula, Papa."

Kila mara mkia umeshaliwa. Sijapata kuonana na hao wanaokula mikia alfajiri. Lakini mnyama hata akikosa mkia anajitambulisha. Mbuzi huyaficha mafuta yake ndani, kuzunguka figo, na nje anabaki mkavu. Kondoo huyavaa juu ya nyama: utando mweupe, mgumu, ukiugusa unabaki kwenye kidole. Muundi ukiwa mkavu pande zote na nyama yake imekoza wekundu, muuzaji anakuuzia mbuzi na hadithi.

Kama umewahi kuamka, nenda kabla ya kisu, umwangalie mnyama mdomoni. Kondoo hana meno ya mbele juu, anayo chini tu, na hayo ya chini ndiyo kitambulisho chake. Akiwa mtoto ni meno madogo matupu ya maziwa. Akikaribia mwaka na nusu, mawili ya katikati yanang'oka na makubwa mawili yanaota. Akifika miaka miwili hivi anayo manne makubwa, mitatu anayo sita, na kwenye mwaka wa nne kinywa kimejaa yote manane. Mimi namtaka wa meno mawili au manne. Aliye chini ya hapo ni laini, lakini ladha bado haijamfikia. Aliye juu ya hapo ana ladha ya kutosha, ila anafaa kwa mtu mwenye msitu wake wa makala. Muuza nyama akiniona nimepiga magoti nachungulia kinywa cha mnyama wake, anaghadhibika. "Papa, unanunua nyama ao unaposa?"

Ninanunua nyama, na kuposa nako ningeshauri watu waangalie kwa makini hivyohivyo. Waislamu wa Kalemie hawanicheki kwa jambo hili. Kondoo wa Idi el-Haji ana masharti yake: awe ametimiza miezi 6, na mbuzi awe ametimiza mwaka 1, na asiwe kilema wala chongo wala mgonjwa. Majuma yale kabla ya Idi utaona watu wenye heshima zao, kanzu zimepigwa pasi, wamekamata mataya ya kondoo katikati ya soko. Hakuna anayewauliza kama wanaposa.

Ukichelewa, ukakuta kazi ya kisu imekwisha, bado kuna dalili moja. Tazama mguu wa mbele, pale walipokata ukwato. Kwa kondoo mchanga mfupa unaachana kwenye gegedu, na mwisho wake utauona mwekundu, una unyevu, una mikwaruzo. Kwa kondoo mzima gegedu lile limekwisha kuwa mfupa, hivyo kinachotokeza ni vichwa viwili vyeupe, vikavu, laini kwa kidole. Muuzaji akikuapia kwa marehemu mama yake kwamba ni mwana-kondoo, wewe usibishane na marehemu. Onyesha vichwa vile viwili, kisha nyamaza, bei itashuka yenyewe.

Sijasema kwamba itashuka sana. Bei yetu inatajwa kwa franka lakini inafikiriwa kwa dola. Dola ikipanda kule mijini, kondoo wa Niemba, aliyezaliwa Niemba, aliyekula majani ya Niemba bila kulipa, anapanda pamoja nayo siku ileile. Dola ikishuka, kondoo hajapata habari. Na mizani hakuna. Kuna jicho la muuzaji, na jicho hilo lina huruma nyingi kwa mfuko wake. Mguu wa nyuma una nyama nyingi, wa mbele ni mwembamba na kano zake ni nyingi, lakini yeye anauza yote miwili bei moja, akitegemea kwamba mnunuzi mwenye haya hatageuza kipande. Mimi haya niliiacha nyumbani. Nageuza. Nachukua ya nyuma ikiwa nina wageni, na ya mbele ikiwa nataka mchuzi mzito wa kulia bukari na watu wa nyumbani tu.

Halafu kuna shoka. Hili ndilo linalonizeesha. Umeshachagua, umeshalipa, umegeuka kidogo kumjibu mtu salamu, na nyuma yako unasikia ta! ta! ta! Muundi wako umekuwa vipande saba. "Nimekusaidia, Papa, isikusumbue." Amenisaidia nini? Mfupa uliopigwa shoka haukatiki, unapasuka. Vibanzi vyake vinaingia ndani ya nyama, na Jumapili mama mkwe wangu anavitafuta kwa jino lake la mwisho. Uboho nao, ile sehemu ambayo mtu mwenye akili amenunulia muundi, umeshamwagika juu ya gogo la muuza nyama, na mbwa wa soko, ambaye hakutoa hata franka moja, ndiye anayeufaidi. Ndiyo sababu mbwa yule ana manyoya mazuri kuliko watu wengi ninaowafahamu. Basi mwambie muuzaji mapema, kabla hata ya kutoa pesa: muundi mzima, usiguse. Ukitaka ukatwe, uwe msumeno. Akikosa msumeno, nenda nao hivyohivyo, tafuta sufuria pana.

Nyumbani nako si salama. Bibi yangu ananiachia jiko kwa masharti: nisiguse sufuria yake ya bukari, nisimalize chumvi, na makala ninunue yangu. Nakubali yote. Naosha muundi kidogo, naufuta maji mpaka uwe mkavu, napunguza mafuta ya juu na ule utando mwembamba unaong'aa. Pale kwenye kifundo nazungusha kisu mpaka nigonge mfupa, nikate kano zote, ili nyama ipande juu yenyewe inapoiva. Natia chumvi, naiacha itulie muda wa mtu kwenda mtoni na kurudi. Kisha mafuta kidogo kwenye sufuria nzito, moto mkali, nageuza muundi pande zote mpaka uwe na rangi ya hudhurungi. Nautoa. Vitunguu vinaingia, vingi, na kitunguu saumu, na nyanya zilizoiva mpaka zimeanza kujuta. Naurudisha muundi, maji yafike nusu yake, yasiufunike. Pilipili moja nzima, isipasuliwe. Kifuniko. Moto unashuka mpaka mchuzi uwe unatoa povu moja hapa, moja pale.

Mpaka hapo hakuna taabu. Taabu ni kwamba nyumba yangu ina mlango.

Anaingia mama mkwe. Anafunua kifuniko. Mvuke wote niliouchunga unapaa kumsalimia. "Mbona hujatia mawese?" Mama, kondoo ana mafuta yake, tukiongeza ya mawese tutahitaji ngazi ya kutokea. Anaguna, anafunika nusu. Anaingia kijana wa jirani, anafunua. "Papa, tia kidonge cha supu." Anacho mfukoni! Vijana wa siku hizi wanatembea na vidonge vya supu jinsi wazee wao walivyotembea na tumbaku. Anaingia shemeji, anafunua, hasemi kitu, anafunika. Huyu ndiye mbaya zaidi, maana anarudi kila baada ya muda kufanya hivyohivyo.

Kila mmoja ana dawa ya kuharakisha. Mmoja analeta jani la papai. Sikatai, papai bichi na majani yake yana kitu kinachoitwa papaini ambacho huvunja nyama kweli. Lakini kinavunja kuanzia nje. Ukizidisha, nje inakuwa uji na ndani bado ni kondoo yuleyule. Mwingine anataka nitie magadi, nyama iwe na ladha ya sabuni. Na nimepata kusikia wapo wapishi wanaotumbukiza vidonge vya parasetamo sufuriani nyama iive upesi. Nchini Nigeria wakala wa chakula na dawa, NAFDAC, umewaonya watu waziwazi waache mchezo huo, kwa sababu dawa ikizidi inaharibu ini na figo. Fikirini: mtu anakubali kuharibu ini lake mwenyewe ili awahi nyama ya mguu wa kondoo.

Kisha inafika saa ile ya kwanza, saa ya fitina. Mtu anachovya uma, anaonja, na baraza linakutana: nyama imekuwa ngumu kuliko ilivyoingia! Kama ndala ya zamani! Kondoo ni mzee! Papa ameibiwa! Na wanasema kweli kuhusu ugumu, hapo siwapingi. Nyuzi za nyama zikipata moto zinajikunja na kukamua maji yake nje, kwa hiyo muundi wa saa moja ni mgumu kuliko muundi mbichi. Kinachoulainisha ni kitu kingine kabisa, ile kolajeni iliyo kwenye kano na tando zinazofunga nyuzi. Hiyo inapopita nyuzijoto 70 hivi huanza kuyeyuka polepole ikawa jelatini, ile inayofanya mchuzi unate kwenye midomo. Polepole ndiyo kazi yenyewe. Ukiongeza moto, kolajeni haikusikii sana, lakini nyuzi zinasikia na zinazidi kukauka. Kwa hiyo mtu anayeutoa muundi saa ya kwanza amekula hasara yote na faida ameiacha sufuriani. Na hiyo ndiyo saa ambayo watu wote wa Niemba wanapenda kuutoa.

Siku moja niliamua kuwafundisha kwa historia. Nikamwambia shemeji: reli hii unayoiona ilifika ziwani mwaka 1915. Mwaka uleule Waingereza walileta boti mbili za vita, jina moja Mimi na jingine Toutou, wapigane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni. Zikashushwa Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa na ng'ombe na mashine za mvuke kupita milima ya Mitumba, zikaelea Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena kuja upande huu, na mwezi wa Desemba zikawekwa majini. Miezi sita! Na siku ya Desemba 26 zikakamata meli ya Wajerumani, Kingani. Je, kuna mtu aliyesimama njiani akauliza kama boti zile zinapikwa au zinazikwa?

Shemeji akafikiri. Akasema: "Lakini boti haziliwi."

Na akafunua kifuniko.

Kuhusu makala naomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanaposhindwa kwa haki. Gunia linapanda bei kila msimu wa mvua, na nani ana makala ya saa tatu? Lakini muundi hautaki moto mwingi, unataka moto mrefu. Sufuria ikishachemka, sukuma nusu ya makala pembeni ya mbabula, yaliyobaki yafunike kwa majivu mpaka ubaki unaona jicho jekundu tu. Yanakwenda muda mrefu ajabu. Wenye kuni, tumia gogo moja la mti mgumu wa porini, lisukume ndani kidogo kidogo. Na kama una blanketi kuukuu, kuna njia nyingine ya bei nafuu: chemsha vizuri saa nzima, kisha toa sufuria motoni ikiwa imefunikwa, izungushie nguo na blanketi ndani ya kikapu kirefu, uiache. Inaendelea kujipika kwa joto lake yenyewe, na faida kubwa ni kwamba shemeji haoni sufuria. Kabla ya kula iirudishe motoni ichemke tena sawasawa. Nyama hii mimi naipika siku ileile ya kuchinjwa, maana kwangu hakuna friji, na joto letu halimngoji mtu.

Saa ya pili inapopita, mambo yanabadilika bila kelele. Nyama inaanza kupanda juu, inaacha mfupa wazi pale chini nilipokata kano. Mchuzi unapungua na kuwa mzito bila kutiwa unga. Ukiinua muundi kwa kijiko unatetemeka. Saa ya tatu unachomeka uma na unazunguka wenyewe. Hapo unaegesha sufuria, unangoja mafuta yapande juu, unayaondoa kwa kijiko, na harufu ile waliyokuwa wanaisingizia nyama inaondoka nayo. Mafuta ya kondoo yanaganda upesi yakipoa, kwa hiyo sahani ziwe za moto na watu wawe wamenawa. Bukari iwe imeshasongwa. Sombe au lengalenga pembeni. Asiwepo mtu wa kusema "nakuja".

Nina kinyongo kingine, na hiki si cha sokoni. Mtajie mgeni wa mbali jina la Niemba. Kama analijua, analijua kwa jambo moja: tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walishambuliwa karibu na daraja la mto Luweyeye, na 9 kati yao wakafa. Kwao wanakumbukwa kila Novemba, na wana haki ya kukumbukwa. Na sisi huku tunao wa kwetu wa miaka ile na wa miaka ya karibuni ambao hawakusomewa majina popote. Sina mzaha na hilo. Ninachonung'unikia ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza tunakula nini. Na wangeuliza tungekutana mapema, kwa sababu chakula wanachojivunia Waireland ni nyama ya kondoo wa makamo, viazi, vitunguu na maji, vikaachwa kwenye moto mdogo mpaka viungane. Hakuna siri nyingine. Maskini wa kule na maskini wa huku, bila kuandikiana barua, waligundua kwamba nyama ngumu inashindwa na mtu asiyeondoka jikoni. Mimi natia vipande vya muhogo mtamu badala ya viazi, katika saa ya mwisho, na mchuzi unakamata vizuri. Mwireland akija nitamwekea sahani.

Maana kugawa ndiyo fitina ya mwisho. Kondoo ana miguu minne na ukoo wangu hauna idadi. Muundi mmoja wa nyuma unatosha watu wawili wenye adabu, au mtu mmoja aliyetoka kungoja treni. Harufu ikishatoka nje ya ua, majirani wanakumbuka madeni yao kwangu, hata wale ambao mimi ndiye ninayewadai. Anakuja mtu kurudisha nyundo aliyoazima tangu uchaguzi. Nimejifunza kuiambua nyama yote kwenye mfupa jikoni, niichanganye na mchuzi wake, ili kila mmoja apate na asiwepo wa kupima kwa macho. Mama mkwe anapewa ya juu, laini, isiyo na kibanzi. Watoto wanapewa mchuzi na muhogo. Shemeji anapewa kifuniko, kwa kuwa anakipenda sana, na juu yake kipande kizuri, kwa sababu mwisho wa yote ni ndugu wa bibi yangu na jiko si langu.

Mfupa ni wangu. Hilo halina mjadala. Naugonga taratibu juu ya kibao, upande mpana, uboho unatoka mzima, nautia chumvi chembe mbili, naula kwa tonge la bukari iliyo moto. Bibi yangu huniangalia wakati huo kwa jicho la mtu aliyeolewa akidhani ameolewa na mtu mzima. Kila mtu na aangalie sahani yake.

Basi msomaji, neno langu kwako ni fupi. Ukienda sokoni angalia meno, au kama umechelewa angalia kifundo. Chukua wa nyuma. Mkamate mkono muuza nyama kabla hajakamata shoka. Nyumbani tumia moto mdogo na kifuniko kizito, na saa ya kwanza usimsikilize mtu yeyote, hata akiwa mama mkwe, hata akiwa amekaa vizuri na wewe. Na kama saa tatu huna, usimwonee kondoo wa watu. Nunua ndakala. Zinaiva kabla mgeni hajamaliza kusalimia, na hakuna atakayekulaumu.